Jeni ya mwanangu "haitengenezi protini". Sasa kwenye ubongo inafanya kazi gani?

MamaSalim_Tanga ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Leicester, ila kwetu ni Tanga. Naomba mwenye elimu ya vinasaba anisaidie kwa Kiswahili, maana barua ya hospitali nimeisoma na maneno nimeyaelewa, lakini maana yake bado haijaniingia.

Mwanangu Salim ana miaka minane. Alichelewa kukaa, akatembea akiwa na miaka minne, na mpaka leo hasemi. Kuelewa anaelewa. Ukitaja bajia tu, anakushika mkono anakupeleka jikoni. Akifurahi anavuma kwa sauti nene ya puani huku akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, na anaweza kushinda na kifuniko hicho mchana kutwa. Mwili wake ni mlegevu, kichwa ni kidogo, na mdogo wake wa miaka sita ameshampita kwa urefu. Kifafa kilimuanza tukiwa bado nyumbani. Mara ya kwanza alikuwa na homa, wifi yangu akasema ni degedege, akaitwa mtu wa kumsomea na kumfukiza. Baadaye kikaja bila homa, na hapo ndipo tukaanza kuzunguka hospitali.

Huku wamempima vitu vingi. Kromosomu, safi. Eksomu, safi. Daktari mmoja akatuambia kwa upande wa vinasaba hakuna kitu, nasi tukaacha kuuliza. Kumbe kule kuacha kuuliza ndiko kulikompa mama mkwe nafasi: kama si vinasaba, basi ni mimi, ni zile dawa za malaria nilizomeza nikiwa na mimba. Mwaka huu wamesoma jenomu yake yote, yaani DNA yake nzima, na yangu, na ya baba yake. Barua imekuja: RNU4-2, n.64_65insT, de novo. Chini wameandika kuwa jeni hii haitengenezi protini, inatengeneza RNA ndogo.

Shuleni tulifundishwa jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Sasa isiyotengeneza protini inaharibu vipi mwili mzima wa mtoto? Na kwa nini kipimo cha kwanza hakikuiona? Na hilo neno de novo, je, linamaanisha limetoka kwangu au kwa baba yake? Shemeji yangu naye amenitumia kwenye WhatsApp tangazo la matone ya "RNA ya kulisha ubongo", wanasema ni uvumbuzi uliopata Nobel 2024. Bei yake si ndogo, lakini kama yanasaidia tutajinyima.

---

Kombo_wa_Maabara amejibu:

Mama Salim, pole na ulezi, na hongera kwa kutokuchoka. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na kazi yangu ni maabara ya vinasaba. Matokeo ya watoto kama Salim ndiyo ninayoyasoma kila siku ya kazi. Mimi si daktari wake, kwa hiyo ya dozi za kifafa nawaachia wao. Haya ya kwenye barua naweza kukufafanulia.

Naanza na la kipimo cha kwanza, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. DNA ya mtu ina herufi kama bilioni 3. Jeni zinazotengeneza protini ni 20,000 hivi, na sehemu zake zinazoandika protini, ukizijumlisha zote, hazifiki asilimia 2 ya herufi hizo. Kipimo cha eksomu kinasoma hizo tu. Kilibuniwa hivyo kwa sababu ya gharama, na kwa sababu magonjwa mengi tuliyokuwa tunayajua yalikuwa humo. RNU4-2 iko kwenye kromosomu ya 12, ni jeni fupi mno, herufi zake hazifiki 150, na kwa kuwa haitengenezi protini, eksomu kwa kawaida haigusi hata herufi yake moja. Kwa hiyo maabara ile ilisoma vizuri ilichokisoma. Kasoro iko kwenye maneno mliyoambiwa. Walitakiwa kusema: "Hatukuona kitu mahali tuliposoma, na mahali ambapo hatukusoma ni pengi." Kwangu mimi ripoti yoyote ya eksomu isiyoandika sentensi hiyo kwa lugha ambayo mzazi anaielewa haijakamilika, na nimelisema hili kazini mpaka wenzangu wamenizoea. Mzazi akiambiwa "hakuna kitu" anaenda nyumbani kutafuta wa kumlaumu, na wa kwanza anayepatikana ni mama.

Sasa hiyo RNA ndogo inafanya nini. Jeni ya protini haitumiki moja kwa moja. Kwanza seli inainakili kuwa RNA ndefu, na nakala hiyo mbichi inakuja na vipande vingi visivyotakiwa katikati. Lazima vikatwe na vile vinavyobaki viungwe, ndipo protini ianze kutengenezwa. Kazi hiyo inafanywa na mtambo mkubwa ndani ya kiini cha seli unaoitwa spilaisosomu. Ndani ya mtambo huo kuna protini nyingi na RNA ndogo tano: U1, U2, U4, U5 na U6. RNU4-2 ndiyo jeni inayotengeneza U4. U4 inamshikilia mwenzake U6, inaingia naye kwenye mtambo, inamweka mahali pake, kisha inamwachia. U6 akishaachiwa ndipo ukataji unaanza. Kama umewahi kukaa karibu na fundi cherehani, unajua kitambaa kikisogea kidogo tu chini ya mkasi, mkono wa gauni hauwezi kukaa begani hata ushone vipi. Salim ana herufi moja iliyoingizwa katikati ya ya 64 na ya 65, yaani hasa mahali ambapo U4 na U6 wanashikana kabla ya kukata. Ukataji unaendelea, lakini katika baadhi ya nakala unaanzia mahali pasipo pake.

Ndiyo maana mwili mzima unaguswa. Jeni ya protini ikiharibika, protini moja ina kasoro. U4 ikiharibika, kasoro inaingia kwenye ukataji wa nakala za jeni nyingine nyingi. Ubongo ndio unaoumia zaidi. Jeni za ubongo nyingi ni ndefu na zina mikato mingi, halafu tunayo jeni ya pili ya U4, RNU4-1, inayofanana na hii karibu herufi kwa herufi, ila kwenye ubongo RNU4-2 ndiyo inayofanya kazi zaidi. Nakala ya pili ya RNU4-2 ya Salim ni nzima. Haitoshi, kwa sababu U4 yenye kasoro nayo inaingia kwenye mitambo.

Ugonjwa wenyewe umepata jina juzi tu. Mwaka 2024 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa kutoka Oxford na Nicola Whiffin na jingine kutoka Mount Sinai, New York, likiwa na Ernest Turro, yalipekua jenomu za mradi wa Uingereza wa jenomu 100,000 na kukuta watoto wengi waliokosa jibu wana badiliko kwenye jeni hii. Ripoti ya Oxford, iliyotoka kwenye jarida la Nature, ilikuwa na watu 115. Karibu mabadiliko yote yamerundikana kwenye kipande cha herufi 18 tu, na zaidi ya robo tatu ya watu hao wana herufi ile ile aliyo nayo Salim, mahali pale pale. Walikadiria kuwa badiliko hili linaeleza kama asilimia 0.4 ya watu wote wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Kwa wasiofanya kazi hii inaonekana ndogo. Kwetu ni kubwa sana, kwa sababu jeni nyingi za aina hii kila moja inaeleza watoto wachache mno duniani. Sasa unaitwa ugonjwa wa ReNU. Kuchelewa kukua, kutosema au kusema maneno machache, ulegevu wa misuli, kichwa kidogo, kimo kifupi, kifafa: ulivyomweleza Salim ndivyo wanavyoelezwa wenzake.

Nakuja kwenye de novo. Maana yake ni kwamba badiliko hili halimo kwenye damu yako wala ya baba yake. Limeanza na Salim. Lakini kuna jambo utakuja kulisoma mahali peke yako usiku, afadhali ulisikie hapa kwanza. Watafiti walipofuatilia, kwa wale ambao ilijulikana, badiliko lilikuwa kwenye kromosomu iliyotoka kwa mama. Tafadhali lisome hili polepole. Haina maana kwamba wewe ni mgonjwa au umembebea ugonjwa, wala haihusiani na dawa uliyomeza. Salim alipoanza kuwa mimba, herufi ile ilikuwa imeshaingia. Mayai ya mwanamke yanaanza kuundwa yeye mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yake, na katika kunakili herufi bilioni 3 makosa machache yanaingia kwa kila binadamu, kwangu na kwako na kwa mama mkwe pia. Mengi hayana madhara yoyote. Hili liliangukia mahali pabaya. Dawa za malaria ulizomeza zilikulinda wewe na yeye. Malaria ya mimba ndiyo inayoua.

Kwa mtoto mwingine baadaye, uwezekano wa kurudia ni mdogo sana, ila si sifuri, maana mara chache badiliko linaweza kuwa kwenye mayai zaidi ya moja. Omba kuonana na mshauri wa vinasaba, huko mliko wapo. Ya matone nitayarudia, nahitaji nafasi.

---

BabaMapacha_Nyali amejibu:

Mama Salim, Mungu akupe nguvu. Nimesoma nikiwa nimekaa na mke wangu, tumesoma mara mbili. Sisi tuko Mombasa. Katika mapacha wetu mmoja ni mzima kabisa, mwenzake wa kike ana miaka mitano, hasemi, hatembei bila kushikwa, na mishtuko anayo. Tulichangisha ndugu na marafiki tukapeleka damu nje kwa kipimo cha eksomu. Jibu likaja ukurasa mmoja: hakuna kilichopatikana. Pesa za jenomu nzima hatuna, naomba niwe mkweli. Ndugu Kombo, kuna njia ya kuangalia hii jeni peke yake?

---

Kombo_wa_Maabara amejibu:

Baba Mapacha, ipo, na ni ya bei nafuu kuliko hiyo mliyokwisha lipa. Jeni yenyewe ni fupi, kwa hiyo haihitaji mashine kubwa. Unaichukua DNA, unaizalisha sehemu ile tu kwa PCR, ile ile mashine iliyojulikana na kila mtu wakati wa Korona, kisha unaisoma kwa njia ya Sanger, ambayo ni kongwe na ipo kwenye maabara nyingi za vyuo na za utafiti. Kama maabara iliyofanya eksomu bado imehifadhi DNA ya mtoto, hakuna haja ya kumchoma tena.

Tahadhari moja, na umwonyeshe mtu wa maabara maneno haya. RNU4-2 ina pacha wake RNU4-1, na ina nakala nyingi zilizokufa zilizotawanyika kwenye jenomu, zote zinafanana nayo. Ukichagua praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR ianzie wapi, zinazokaa ndani ya jeni, utazalisha mchanganyiko na hutajua unasoma ipi. Praima zikae nje ya jeni, pembeni, ambako herufi za RNU4-2 ni za kwake peke yake. Halafu wasome pande zote mbili, kwenda na kurudi. Wakikuta badiliko, wapime na wazazi.

Wakati huo huo waandikie maabara ya nje. Waulize kwa maandishi: faili la data la mtoto wangu mnalo bado, na je, RNU4-2 ilisomwa? Kuna nyakati kipimo kinashika kidogo maeneo ya pembeni, si mara nyingi, lakini kuuliza ni bure. Na mkiwauliza, ongezeni RNU2-2 na RNU5B-1. Hizo nazo ni jeni za RNA ndogo za mtambo ule ule, zimehusishwa na matatizo ya ubongo baada ya RNU4-2 kujulikana, na RNU2-2 inakuja na kifafa kikali. Zamani RNU2-2 ilikuwa imeandikwa kwenye orodha kama jeni iliyokufa.

Nisikufiche kitu: hata akikutwa na badiliko, leo hii hakuna dawa ya kulirekebisha. Atakachopata ni jina la ugonjwa, mwisho wa kuzungushwa kwenye vipimo, familia nyingine za kuzungumza nazo, na nyinyi wazazi mtajua kama mimba nyingine ina hatari. Nimeona wazazi wakilia kwa furaha kwa hayo tu.

---

MamaSalim_Tanga amejibu:

Kaka Kombo, sina cha kukulipa. Hilo la mama nililisoma nikasimama, nikarudi nikalisoma tena. Afadhali umenieleza wewe. Jioni nimempigia mume wangu kazini, naye amempigia mama yake. Amemwambia tu kwamba dawa za malaria hazihusiki, na kwamba maelezo hayo yametoka kwa mtaalamu wa vinasaba. Wameongea kirefu.

Nasubiri ya matone. Shemeji ameshaniuliza kama nimetuma pesa.

---

Kombo_wa_Maabara amejibu:

Usitume.

Nieleze kwa nini, kwa sababu tangazo lile limechukua ukweli likaubandika mahali pasipo pake. Nobel ya tiba ya 2024 walipewa kweli Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani, kwa kugundua mikroRNA. Habari yenyewe ilianza na mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja. Mwaka 1993 Ambros na wenzake, akiwemo mke wake Rosalind Lee, walikuta jeni ya mnyoo huyo inayoitwa lin-4 haitengenezi protini, inatengeneza kipande cha RNA chenye herufi 22 hivi. Ruvkun akaonyesha kuwa kipande hicho kinajibandika kwenye RNA ya jeni nyingine, lin-14, na kuizuia isitengeneze protini yake. Wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikapata nyingine, let-7, nayo ikaonekana ipo kwa wanyama wengi mpaka kwa binadamu. Leo tunajua tunazo mamia.

Kwenye ubongo zina kazi kubwa sana. miR-124 imejaa kwenye seli za neva, inasaidia seli changa ishike njia ya kuwa ya neva kwa kunyamazisha jeni zisizohitajika humo. miR-134 inadhibiti ukubwa wa vile vichipukizi ambavyo seli za neva zinapokelea ujumbe. Hii ya pili inahusu kifafa, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Mwaka 2012 kundi la David Henshall, Dublin, liliwapa panya kitu cha kuizuia miR-134, na mishtuko ya kifafa ikapungua sana. Halafu mwaka 2019 kundi hilo lilitoa kazi nyingine ninayoipenda zaidi. Walichukua damu ya wagonjwa wa kifafa waliolazwa kwa uchunguzi, kabla na baada ya mshtuko. Wakakuta vipande vya tRNA, RNA nyingine ndogo, vimepanda kwenye damu kabla ya mshtuko na kushuka baadaye. Kama siku moja kitatoka kifaa cha kumwonya mama kwamba mtoto wake yuko karibu kupata mshtuko, huenda kitatokana na kazi ya namna hiyo. Sokoni bado hakijafika.

Sasa angalia. U4 ya Salim si mikroRNA. Zote ni RNA ndogo zisizotengeneza protini, ila kazi ni mbali kabisa: mikroRNA inanyamazisha, U4 inaandaa ukataji. Kwa hiyo hata matone yale yangekuwa na mikroRNA halisi, yasingemhusu. Na yasingefika. RNA tunaikula kila siku, imo kwenye maharage, kwenye samaki, kwenye mchicha. Ikifika tumboni inavunjwavunjwa na kuwa chakula kama chakula kingine. Hata ikiingia kwenye damu bila kufungwa na kitu cha kuilinda, vimeng'enya vinaimaliza haraka, na kuta za mishipa ya damu ya ubongo haziipitishi.

Dawa za kweli za jamii hii zinaonyesha ugumu huo. Nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa SMA, ni kipande kilichotengenezwa maabara ambacho kinarekebisha ukataji wa RNA ya jeni moja, SMN2. Kwa maana hiyo ni jirani wa tatizo la Salim, na ndiyo inayonipa matumaini kwamba mambo ya ukataji yanatibika. Lakini inatolewa kwa sindano ya uti wa mgongo, hospitalini, na inarudiwa maisha yote. Ya Huntington, ugonjwa wa kurithi wa ubongo, inayojaribiwa na kampuni ya uniQure, AMT-130, ni mikroRNA ya kutengenezwa inayopakiwa ndani ya kirusi kisicho na madhara, kisha madaktari wa upasuaji wanatoboa fuvu na kuiingiza ndani kabisa ya ubongo. Septemba 2025 walitangaza kuwa kwa waliopewa dozi kubwa ugonjwa ulipunguza kasi kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Ni habari kubwa, ila wagonjwa walikuwa wachache na walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wa nje ya jaribio, kwa hiyo wakaguzi bado wana maswali. Na si kila jaribio linaishia vizuri. MRX34, mikroRNA ya saratani, ilisimamishwa 2016 kwa sababu ya athari kali za kinga ya mwili. Mtu anayeuza RNA ya matone chini ya ulimi hajapita popote kati ya hapo.

Pesa hiyo iweke kwenye mambo yatakayomfaa Salim mwaka huu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa ule ulegevu. Mtaalamu wa mawasiliano amwanzishie vibao vya picha au ishara za mikono. Mtoto anayekuvuta mpaka jikoni kwa ajili ya bajia anajua anachotaka, anahitaji njia ya kukisema. Na muulize daktari wake wa kifafa, kwa maandishi, mpango wa mshtuko ukizidi dakika tano: dawa ya dharura gani, nani shuleni amefundishwa kuitoa.

---

Nuru_Muscat amejibu:

Assalaam alaykum. Samahani naingilia, naona mnazungumza mikroRNA. Mama yangu ana miaka 71, amekuwa msahaulifu, anauliza jambo moja mara nyingi na juzi aliacha gesi inawaka. Kituo kimoja hapa kinatutaka tulipe kipimo cha damu cha mikroRNA "kujua kama ni Alzheimer". Kina ukweli?

---

Kombo_wa_Maabara amejibu:

Wa alaykum salaam dada Nuru. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Utafiti upo wa kweli. Kwenye ubongo wa waliofariki na Alzheimer miR-132 imekutwa imeshuka, na tangu 2008 kuna kazi inayoonyesha miR-29 ikipungua, kimeng'enya cha BACE1 kinachochangia mabonge ya protini ya amiloidi kwenye ubongo kinaongezeka. Hayo ni ya ubongo. Damu ni shughuli nyingine, na hapa nasema kama mtu anayeshika mirija hiyo kwa mikono yake. Seli nyekundu zimejaa mikroRNA zake, miR-451 na miR-16. Damu ikitikiswa vibaya, ikikaa saa nyingi kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, seli zinapasuka na namba zote zinabadilika. Mrija ule ukiuangalia kwenye mwanga, sehemu ya juu inayotakiwa kuwa ya njano hafifu inaonekana ya waridi. Kipimo cha namna hiyo kingeweza kukuambia habari za dereva wa pikipiki aliyeleta sampuli kuliko za ubongo wa mama. Maabara hazijakubaliana orodha moja ya kupima wala kipimo cha kawaida. Kwa uamuzi wa matibabu, mimi nisingelipa.

Mpeleke kwanza kwa daktari wa neva au wa wazee. Wampime tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, kaswende na VVU, waangalie dawa zote anazomeza, usikivu wake, na kama ana sonona. Baadhi ya hayo yanatibika, na kumbukumbu inaweza kurudi. Wakishuku Alzheimer, kipimo cha damu chenye msingi leo ni cha protini ya tau, p-tau217. Marekani waliruhusu kimoja cha kuilinganisha na amiloidi Mei 2025, kwa watu wenye dalili na chini ya daktari bingwa. Uliza kama hospitali kubwa za hapo wanacho. Na gesi, wekeni ya kujizima yenyewe wiki hii hii, msisubiri majibu.

---

BabaMapacha_Nyali amejibu:

Ndugu Kombo, taarifa. Maabara ya nje wamejibu barua pepe: RNU4-2 haikusomwa, ila DNA ya binti yetu bado wanayo. Hapa nyumbani kuna maabara ya utafiti imekubali kuisoma kwa Sanger, nimewaonyesha yale maneno ya praima za nje, yule dada wa maabara akasema alikuwa hajaifikiria RNU4-1. Wanaagiza praima. DNA inasafirishwa wiki ijayo. Wametaka pia mate ya sisi wawili, tumeshatoa.

---

Kombo_wa_Maabara amejibu:

Safi sana. Mwambie dada wa maabara aniandikie ujumbe hapa akipata picha za Sanger, nitaziangalia naye. Kukiwa na herufi ya ziada kwenye nakala moja, mistari inaanza kupandana kuanzia hapo mpaka mwisho, na mtu ambaye hajazoea anaweza kudhani sampuli ni chafu akaitupa.